Betri ya sola imekufa ndani ya miezi minane: kabla hujanunua nyingine, pima haya

Swali: Habari za kazi. Niko Nzega, nguzo za umeme bado hazijafika mtaani kwetu. Nilinunua seti ya sola kwa shilingi milioni moja na laki tatu: paneli moja ya wati 300, betri ya 200Ah (ampea-saa 200), inveta ya wati 2000 na kontrola iliyoandikwa "MPPT 60A". Nyuma ya paneli kuna stika inayosema Vmp 32.0V, Imp 9.38A. Natumia TV ya inchi 32, dekoda, taa sita na kuchaji simu nne. Miezi mitatu ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Mwezi wa nne nikaongeza friji ndogo ya lita 90 ili nigandishe barafu za kuuza. Umeme ukaanza kukatika saa sita usiku, baadaye saa tano, na sasa ni mwezi wa nane, ikifika saa tatu usiku inveta inapiga kelele na kuzima. Aliyeniuzia anasema betri imechoka, ninunue mbili mpya niziunge pamoja. Ni kweli? Sitaki kujuta mara ya pili.

Jibu: Dada yangu, kwa sasa usinunue betri hata moja. Betri imechoka kweli, hapo muuzaji hajakosea. Lakini imechoka kwa sababu tangu ulipoleta friji haijawahi kujaa, na hata kabla ya friji ilikuwa inajaa kwa taabu. Ukiweka mbili mpya mahali pale pale utakuwa umeongeza mapipa huku bomba linadondosha matone yale yale. Zitakufa kwa njia ile ile, na pesa itakayopotea safari hii itakuwa maradufu.

Tuanze na kontrola, maana naishuku kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha yako.

Stika uliyoninakilia ina thamani kubwa. Vmp na Imp ni volti na ampea ambazo paneli hutoa inapofanya kazi kwa nguvu yake yote. Zidisha 32.0 kwa 9.38, unapata wati 300. Sasa betri yako ni ya volti 12, na wakati inachajiwa hukaa kati ya volti 12.5 na 14.4. Paneli iko kwenye 32, betri iko kwenye 13. Kazi ya kontrola ni kuzipatanisha, na hapo ndipo aina zake mbili, PWM na MPPT, zinapoachana.

PWM ni swichi tu. Inaiunga paneli na betri moja kwa moja, na betri ikikaribia kujaa inakata na kurudisha mkondo kwa haraka sana. Paneli ikiungwa hivyo, volti zake zinaburutwa chini hadi zilingane na za betri. Ampea hazibadiliki, zinabaki 9.38. Kwa hiyo kinachoingia kwenye betri ni 13 mara 9.38, yaani wati 122. Umelipia 300, unavuna 122. MPPT yenyewe huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake 32, halafu hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli ile ile, betri ile ile, ungeona ampea 21 au 22 zikiingia badala ya 9.

Paneli za volti 32 zilitengenezwa kwa mifumo mikubwa ya juu ya paa, na kwa kila wati bei yake ni nafuu, ndiyo maana maduka yamejaa hizo. Kwenye betri ya volti 12 zinafaa tu zikiwa na MPPT ya kweli. Paneli iliyokusudiwa PWM ya volti 12 huwa na Vmp ya karibu 18. Na tatizo kubwa la soko letu ni kwamba kontrola nyingi za bei ya chini zimechapishwa neno "MPPT" juu ya boksi ilhali ndani ni PWM.

Usinichukulie kwa maneno. Tafuta maltimita, hata ya bei ndogo, na upime mwenyewe. Chagua saa nne au saa tano asubuhi yenye jua safi, betri ikiwa bado haijajaa baada ya matumizi ya usiku. Weka maltimita kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Gusa skrubu mbili za kontrola zinakoingia nyaya za paneli, soma, andika. Kisha gusa skrubu mbili za betri, soma, andika. Paneli ikisoma 13 na pointi, karibu sawa kabisa na betri, hiyo ni PWM hata kama imeandikwa MPPT kwa herufi za dhahabu. Paneli ikisoma kati ya 27 na 32 huku betri ikisoma 13, hiyo ni MPPT. Kipimo hiki hudanganya betri ikiwa imejaa, kwa kuwa PWM huachia paneli na volti zake hupanda, ndiyo maana nimesema asubuhi.

Kuna dalili ya pili, ya mkononi. MPPT ya ampea 30 au zaidi ina koili kubwa ya shaba ndani na bamba nene la alumini mgongoni la kupoza joto, na uzito wake hufika kilo moja au kupita. Kontrola ya plastiki yenye kioo kidogo na matundu mawili ya USB, inayozidi kidogo tu uzito wa simu, haiwezi kuwa MPPT ya ampea 60.

Hesabu ambayo ilipaswa kufanywa dukani

Sasa tuone kwa nini miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri. Umeme wa nyumbani kwako tuuhesabu kwa wati-saa za siku: wati za kifaa mara saa kinazowaka. TV ya inchi 32 ya LED hula kama wati 35, kwa saa nne ni 140. Dekoda wati 12, saa nne, ni 48. Taa sita za wati 5 kwa saa nne ni 120. Simu nne, kila moja kama 20 ukiweka na upotevu, ni 80. Jumla inakaribia 390. Inveta nayo hula hata kama hakuna kilichochomekwa. Hizi za bei ya chini za wati 2000 hula wati 15 hivi. Ulipokuwa unaiwasha jioni tu, kwa saa sita, ilikula 90. Jumla kuu 480.

Upande wa mapato, mkoa wa Tabora una jua zuri, na saa 5.5 za jua kamili kwa siku ni makadirio ya haki kwa kiangazi. Wati 122 mara 5.5, punguza asilimia kumi za vumbi na mwelekeo wa paneli, unapata kama 600. Betri ya risasi hairudishi yote unayoiwekea. Asilimia 15 au zaidi hupotea. Zinabaki kama 500.

Kwa hiyo mapato 500, matumizi 480. Ulikuwa unaponea chupuchupu bila kujua. Siku mbili za mawingu zingekuangusha, ila ulikuwa msimu mzuri na betri mpya.

Friji ikaja. Friji ya lita 90 inayofunguliwa mara kwa mara na kugandisha barafu kwenye joto la Nzega hula kama wati-saa 900 kwa siku. Tena, na hili ndilo watu wengi hulisahau, inveta sasa ikabidi iwake saa 24: wati 15 mara 24 ni 360. Fikiria hilo. Inveta peke yake, bila kufanya kazi yoyote ya maana, inakula zaidi ya theluthi mbili ya kile paneli inachokuletea. Matumizi yakapanda hadi 1,650, mapato yakabaki 500.

Tofauti hiyo ililipwa na mwili wa betri. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, salfeti ya risasi inayoshika kwenye sahani zake wakati wa kutoa umeme hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena wakati wa kuchaji. Kila siku sehemu ndogo ya sahani inafungwa. Betri ya 200Ah hupenda kuchajiwa kwa karibu asilimia kumi ya ukubwa wake, ampea 20. Yako ilikuwa inapata 9, na sehemu ya hizo ilikuwa inamezwa na friji mchana huo huo. Halafu usiku inveta inaruhusu betri ishuke hadi volti 10.5 ndipo inazima. Kwa betri ya risasi hapo ni chini mno; ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, yaani karibu volti 12.1 ikiwa imepumzika. Kontrola yako huenda ina kinga ya kukata mapema, lakini kinga hiyo hukata tu vitu vilivyoungwa kwenye matundu yake yenye alama ya taa. Inveta imeungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo kinga hiyo haiikati.

Ndiyo sababu saa ya kuzima imesogea kutoka saa sita hadi saa tatu. Betri yako haijaacha kufanya kazi ghafla, imekuwa ikisinyaa wiki kwa wiki.

Betri yenyewe ilikuwa 200Ah kweli?

Hili liulize pia, kwa sababu lebo za betri ndizo zinazoongopa kuliko lebo zote. Ifungue nyaya, ipeleke kwenye mizani ya mazao, ipime. Betri ya risasi ya volti 12 yenye 200Ah za kweli ina kilo 55 hadi 65. Ya 100Ah ina kilo 28 hadi 32. Risasi ni nzito na haina njia ya mkato. Kama ya kwako imekuja na kilo 38, uliuziwa kitu cha 120Ah au 130Ah chenye stika ya 200. Angalia pia maandishi madogo: 200Ah kwa C20 maana yake inatoa ampea 10 kwa saa 20. Wengine huandika C100, yaani umeme unaotolewa polepole kwa saa 100, ili namba iwe kubwa. Betri ile ile ikipimwa kwa C20 inakuwa ndogo zaidi.

Kama ni betri ya vifuniko vya kufungua, kabla ya kuitupa ijaribu mara moja. Hakikisha maji yamefunika sahani. Kama hayajafunika, ongeza maji ya betri (distilled water) mpaka yafunike kidogo tu, na ujaze hadi alama baada ya kuchaji. Usiongeze asidi. Mpelekee fundi mwenye chaja ya umeme achaji kwa ampea 10 hadi 20 mpaka volti 14.4, na aiache hapo mpaka mkondo ushuke chini ya ampea 4. Hilo linaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kisha apime kila chumba kwa kipima asidi. Vyumba sita vikisoma karibu 1.26 na kukaribiana, kuna uhai. Kimoja kikiwa chini ya vingine kwa 0.05, chumba hicho kimekufa na betri yote imekwenda nacho. Chaji mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka.

Baada ya hapo ipumzishe saa nne, uiunge na taa mbili za gari za wati 55, ambazo kwa pamoja hula kama ampea 9. Betri nzima ya 200Ah ingechukua zaidi ya saa kumi kufika nusu, na maltimita ingesoma karibu 12.0 taa zikiwa zinawaka. Yako ikianguka chini ya 11.8 ndani ya saa tatu, kilichobaki humo ni robo au pungufu. Nasema haya ili usimlipe mtu wa "kuamsha betri" kwa kumwaga asidi ya zamani na kutia mpya. Asidi mpya hupandisha kipimo kwa siku chache lakini haifungui sahani zilizofungwa na fuwele.

Na hata ikionekana ina uhai nusu, usiiunge sambamba na mpya. Mpya itakuwa inamwaga umeme kwenye ile mbovu usiku kucha, na utaishia na mbili mbovu.

Nini cha kununua, na kwa mpangilio gani

Cha kwanza ni MPPT ya kweli. Ukijua hutaongeza paneli kamwe, ya ampea 30 inatosha: 300 gawanya kwa 13 ni ampea 23. Ukitarajia kuongeza paneli ya pili, ambalo ndilo ningekushauri, nunua ya ampea 50, maana wati 600 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 46. Kontrola nzuri huandikwa namba mbili, mfano 100/50. Ya kwanza ni volti za juu kabisa za paneli inazoweza kubeba, ya pili ni ampea inazotoa. Paneli kama yako huwa na Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu, ya karibu 40. Mbili zikiungwa kwa mfululizo ni 80, ambayo iko salama chini ya 100. Soma Voc kwenye stika yako mwenyewe kabla ya kuunga. Kontrola ikizidishiwa volti huungua papo hapo, na warantii haihusiki.

Kwa MPPT peke yake, paneli uliyonayo itakupa kama wati-saa 1,200 kwa siku ya jua, na 1,050 ukiondoa upotevu wa betri. Umeongeza mapato zaidi ya mara mbili bila kununua paneli wala betri. Hapo friji inaweza kuishi kwa masharti: iwake saa mbili asubuhi, izimwe saa nne usiku pamoja na inveta. Mchana inakula umeme unaotoka kwenye paneli moja kwa moja, kabla haujapitia betri na kupoteza. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu mchana, usiku zitalinda ubaridi mpaka asubuhi kama mlango haufunguliwi. Kwa mpango huo friji hula kama 500, inveta 210, vingine 390, jumla 1,100. Imebana, lakini siku ya jua inawezekana.

Masika haitawezekana, ndiyo maana paneli ya pili. Katika mfumo wote, paneli ndiyo yenye wati za bei nafuu na ndiyo inayodumu zaidi, miaka 20 na kuendelea. Inasikitisha kwamba watu wengi hufanya kinyume: wanalipa sana kwenye inveta kubwa na betri kubwa, halafu wanaweka paneli moja ya kuzilisha. Tafuta yenye Imp inayokaribiana na 9.38, ukiunga kwa mfululizo paneli ya ampea 9 na ya ampea 6, zote zitafanya kazi kama za 6. Beba futi kamba dukani. Jua la utosini huleta takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za kawaida hugeuza karibu asilimia 20. Kwa hiyo paneli ya wati 300 lazima iwe na eneo la mita za mraba 1.5 hivi. Ukiona paneli ya "300W" yenye urefu wa mita 1.2 na upana sentimita 67, hiyo ni mita za mraba 0.8, haiwezi kupita wati 160 au 170 hata Mungu akizidisha jua. Hesabu hiyo hiyo inawahusu wanaonunua taa za nje za sola zilizoandikwa "200W" zenye kipaneli cha ukubwa wa daftari.

Paneli ielekee kaskazini kidogo, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Kivuli ni adui mkubwa kuliko vumbi. Seli zimegawanywa kwa makundi matatu, na kivuli cha ukingo wa dishi au jani la mpapai kikiangukia kundi moja huweza kuondoa theluthi ya umeme wote. Simama hapo saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri uone vivuli vinaangukia wapi kabla fundi hajatoboa bati.

Betri iwe ya tatu. Ukifika hapo, mimi ningechagua lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 12.8, 100Ah. Ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 yake kila siku bila kuiumiza, yaani kama 1,000. Betri ya risasi ya 200Ah yenye 2,400 ukiitumia kwa nusu inakupa 1,200. Tofauti ni ndogo, ila lithiamu haidhuriki ikikaa bila kujaa, na hilo ndilo lililoua ya kwanza. Jioni yako, friji ikizimwa saa nne, inahitaji kama 600. Utakuwa na akiba. Ukitaka friji iwake usiku kucha, mahitaji yanafika 1,100 na 100Ah haitoshi, nenda 200Ah na paneli mbili.

Lithiamu nayo ina mitego yake. Ya 100Ah huwa na kilo 10 hadi 13. Ya kilo 7 ni seli chache au seli zilizotumika. Ndani ina kinga ya kielektroniki ambayo mara nyingi huruhusu ampea 100 tu, kwa hiyo inveta haiwezi kuvuta zaidi ya wati 1,200 hivi, hata kama imeandikwa 2000. Kwenye kontrola chagua mpangilio wa lithiamu, chaji ikome kwenye 14.2 hadi 14.4, na zima kabisa ile hatua ya kusawazisha inayopandisha volti hadi 15. Hiyo ni ya betri za maji. Usiipime kwa volti kama ulivyozoea: inakaa kwenye 13.1 hadi 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inaanguka kwa kasi.

Inveta iache mwisho. Wati 2000 za lebo mara nyingi ni za sekunde chache. Kwa kazi ya muda mrefu ni nusu ya hapo. Kwa matumizi yako nusu hiyo inatosha, kwani friji ya wati 100 ikiwaka huvuta wati 600 hadi 900 kwa muda mfupi sana. Ninachotaka ukijue ni kama imeandikwa "modified" au "pure sine", yaani umbo la wimbi la umeme inaoutoa. Ile ya kwanza huunguruma kwenye mota na kupasha moto kompresa ya friji, inafupisha maisha yake. Siku ya kuibadilisha, nunua pure sine ya wati 1000 na uulize inakula ampea ngapi bila mzigo. Jibu zuri ni chini ya ampea 1.

Kabla ya hayo yote kuna kipimo kimoja cha dakika tano kinachoweza kukuokolea saa nzima ya umeme kila usiku. Friji ikiwa inafanya kazi na TV imewashwa, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye skrubu za inveta. Tofauti ikizidi 0.3, nyaya ni nyembamba au vifungo vimelegea, na inveta inadhani betri imekwisha kabla haijaisha. Vile vibanio vya meno vinavyokuja na inveta vitoe, weka waya wa shaba wa milimita za mraba 25 au 35, usiozidi mita moja na nusu, wenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine na kukazwa kwa spana. Na weka fyuzi ya DC ya ampea 125 au 150 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Waya wa namna hiyo ukigusana bila fyuzi huwasha nyumba.

Kuhusu muuzaji: kontrola ikithibitika ni PWM, au betri ikithibitika ina kilo 38, umeuziwa kitu kisicholingana na kilichoandikwa. Rudi na risiti, picha ya lebo, picha ya mizani na picha ya maltimita ikisoma volti za paneli na za betri. Omba abadilishe kontrola kwanza, kwa kuwa hilo ni dogo kwake na kubwa kwako. Akikataa, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya bidhaa zenye lebo za uongo. Safari ijayo, risiti ya EFD iandikwe modeli na ukubwa wa kila kifaa. "Seti ya sola" peke yake haikusaidii kitu.

Kama baada ya hesabu hii utaona friji haikulipi, barafu unazouza hazifikii gharama ya paneli na betri, basi iondoe na urudi kwenye taa, simu na TV. Kwa mahitaji hayo seti ndogo za DC, ambazo taa na TV zake hazihitaji inveta kabisa, hufanya kazi vizuri kuliko mfumo uliounganishwa vipande vipande. VeraSol, mpango uliotokana na Lighting Global ya Benki ya Dunia, hupima seti hizo maabara na huweka wazi mtandaoni orodha ya zilizofaulu. Angalia modeli kwa jina lake kamili kabla ya kulipa.

Betri ya zamani usiimwage asidi yake nyuma ya nyumba. Risasi hufika kisimani na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Iuze nzima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, ukitumia uzito ule ule ulioupata kwenye mizani.